Mzazi na Mwana: Nani Amwendee Mwenziwe?



Liko suala ambalo sisi wazee hulijibu upesi mno, na pengine upesi huo ndio kasoro yetu. Suala lenyewe ni hili: mzazi na mwanawe wakiwa mbali mbali, mmoja huku na mwingine kule, ni nani anayepaswa kufunga safari akamwendee mwenziwe? Jawabu tuliyolelewa nayo ni moja tu, nayo ni kwamba mtoto ndiye aendaye kwa mzazi. Mzazi hukaa pahali pake, naye hujiwa. Jawabu hiyo mimi nimeisomesha chuoni kwa zaidi ya miaka 30, wala leo sikuja kuifuta. Lakini mwaka 2023 nilipata funzo lililonilazimisha niitazame upya, tena nililipata kwa watu ambao si wa dini yangu wala wa lugha yangu. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kisha uhukumu mwenyewe.

Mwaka huo mimi na mke wangu tulialikwa na binti yetu, anayekaa na mumewe na watoto wao katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nchi ya Marekani. Mji huo una Wasomali wengi, na miongoni mwao wamo watu wa asili ya Barawa, ambao maneno yao na yetu hayako mbali. Kwa hivyo msikitini hatukuwa wageni kabisa. Tulifika mwezi wa Mei, tukakaa mpaka katikati ya Septemba. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo majira yao ya joto: skuli hufungwa, jua huchelewa kuzama, na kila mtu hutaka kutoka.

Jirani wa ubavuni mwa nyumba ya binti yangu alikuwa mzee na mkewe, wote wawili wamekwisha kustaafu. Mume alikuwa tarishi wa posta kwa miaka 32, kazi yake kupeleka barua nyumba kwa nyumba. Mke alikuwa muuguzi wa skuli. Kule mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara wake tangu ujana, kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Roosevelt mwaka 1935. Akifika miaka 62 aweza kuanza kulipwa kitu kila mwezi, na akisubiri mpaka 66 au 67, kwa kadiri ya mwaka aliozaliwa, hulipwa haki yake kamili. Kwa malipo hayo na akiba yao ndogo ndipo walipokuwa wakiishi.

Mbele ya nyumba yao lilisimama gari kubwa, urefu wake kama futi 30. Ukilitazama kwa mbali wadhani ni basi la abiria. Kumbe ndani mna kitanda, jiko, jokofu, meza, choo na pahali pa kuogea. Wenyewe huyaita magari hayo kwa herufi mbili, RV. Mimi nitaliita gari-nyumba. Mengi katika hayo huundwa katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, na miji iliyo jirani nao. Gari-nyumba lina tangi la maji safi, na lina matangi ya maji machafu, la kuoshea mbali na la choo mbali. Likifika kambini huungwa umeme kwa waya na maji kwa mpira, na kabla ya kuondoka mwenyewe huvaa glavu akamwaga uchafu wake kwa mkono wake, mahali palipowekwa. Mzee yule alikuwa akicheka akisema kwamba ndani ya gari lile hakuna mkubwa: anayeendesha ndiye huyo huyo anayemwaga choo. Tena akasema kwamba watu wawili wa ndoa ya miaka 40 wakitiwa ndani ya futi 30, hawana pahala pa kununiana, bali hulazimika kupatana kabla ya chakula cha usiku.

Gari hilo walilinunua kuukuu, nalo hunywa mafuta sana. Kwa lita moja halipiti kilomita tatu au nne. Lakini njia zao ni nzuri. Barabara kuu za nchi ile, zilizopangwa kwa sheria ya mwaka 1956 zama za Rais Eisenhower, zinaunganisha jimbo kwa jimbo, na kambi za kulala magari kama hayo zimetapakaa kila upande. Na raia aliyetimiza miaka 62 hununua kadi ya kumwingiza katika mbuga za taifa maisha yake yote, kwa bei iliyokuwa dola 10 mpaka ilipopandishwa mwaka 2017 ikawa 80. Kwa hivyo wakati wa joto utawakuta wazee wengi njiani.

Mwanzo wa Juni walianza kujitayarisha. Binti yangu akanieleza safari yao. Walikuwa na watoto watatu: mmoja Minneapolis, jimbo la Minnesota, wa pili Billings, jimbo la Montana, na wa tatu, binti, yuko Denver, jimbo la Colorado. Tena yule bibi alikuwa na dada yake mjane huko Kansas. Wangekwenda kwa kila mmoja wakae siku chache, na kati ya Billings na Denver wangepita Yellowstone, mbuga iliyotengwa mwaka 1872, ambako maji ya moto hupasuka kutoka ardhini yakaruka juu angani. Safari nzima, kwenda na kurudi, ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000.

Mimi nilitikisa kichwa. Nikamwambia binti yangu: “Mwanangu, mambo ya hawa yamepinduka. Watoto watatu, wote wazima, wote wana magari, na mzee wa miaka 70 ndiye anayezunguka kuwatafuta? Na akifika, nasikia halali ndani, hulala nje katika gari lake mlangoni pa mwanawe kama mlinzi. Sisi kwetu hiyo ni aibu.”

Binti yangu akanijibu kwa adabu: “Baba, wao wanasema watoto wana kazi na wajukuu wana skuli. Mwenye nafasi ndiye aendaye. Na kulala nje, wanasema hawataki mke wa mtoto wao ahangaike na mashuka na mapishi. Wanakwenda kuonana, hawaendi kuhudumiwa.” Alipokwisha kusema hayo akainama, akaendelea na kazi yake. Nilijua kwa nini aliinama, na sasa yanipasa nikueleze na wewe.

Mimi nina mwana wa kiume, naye pia anakaa Minneapolis. Miaka tisa kabla ya safari hiyo alioa huko bila ya kunishauri; nilipata habari harusi imekwisha kupita. Mke ni Muislamu, wala ndoa haikuwa na kasoro yoyote ya kisheria. Kasoro ilikuwa moja tu, kwamba mimi sikuulizwa. Nikampelekea maneno kwamba asizungumze nami mpaka aje mwenyewe mbele yangu Mombasa aniombe radhi. Yeye akajibu kwamba karatasi zake hazijatimia, akitoka hatoweza kurudi. Nikasema hizo ni hila. Ikawa basi. Kila mwezi alileta fedha za matumizi, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, fedha nilipokea na salamu sikurudisha. Mama yake akizungumza naye kwa simu chumbani, nami najifanya sisikii. Hata nilipofika Columbus, ambako kati yangu na yeye ni mwendo wa siku moja kwa gari, nilisema: “Mimi ni baba. Akinitaka, yuajua nilipo.” Naye, kwa khofu ya neno lile nililompelekea, hakuthubutu kuja.

Siku mbili kabla ya kuondoka, yule mzee jirani alikuja kutuaga. Alikwisha kusikia kwamba tuna mtoto Minneapolis, akauliza kama tuna chochote cha kumpelekea, kwani kazi hiyo, alisema, ameifanya umri wake wote. Nikamshukuru, nikamwambia hatuna. Mke wangu alinyamaza. Baadaye nilikuja kujua kwamba usiku ule alitia visheti katika mkebe, akaufunga kwa kitambaa, akampa yule bibi juu ya ua.

Wakaondoka. Siku zikapita, Juni na Julai, na Agosti ikaelekea ukingoni. Ndipo wakarudi, wamebabuka kwa jua, wakatualika kwenye ua wao jioni moja kutuhadithia safari. Binti yangu alikuwa akifasiri. Walitusimulia mengi: nyanda za Dakota ambazo waenda siku nzima huoni mlima, nyati waliosimama katikati ya njia huko Yellowstone na magari yote yakangoja, na yule dada mjane wa Kansas aliyekataa kulala nyumbani kwake akalala nao ndani ya gari siku nne, akisema nyumba yake imekuwa kimya mno tangu mumewe alipofariki.

Lakini lililonigusa ni la Billings. Mwana wao wa pili alikuwa hajasema nao kwa miaka miwili. Waligombana kwa nyumba ya bibi yake, ilipouzwa na fedha kugawanywa, na yeye akaona amedhulumiwa. Hawakualikwa, walimpelekea habari tu kwamba siku fulani watapita. Wakafika, wakasimamisha gari njiani mbele ya nyumba yake. Usiku wa kwanza hakutoka. Asubuhi alikuja mjukuu, akala kifungua kinywa nao. Mchana mkewe akaja na maji ya baridi. Siku ya pili jioni mpira wa maji ukaanza kuvuja, na mzee yuko chini ya gari analala chali akihangaika, mara akaona miguu imesimama karibu naye. Alikuwa mwanawe, ana spana mkononi. Wakautengeneza ule mpira wote wawili, hawakusema neno la nyumba wala la fedha. Walipokwisha mwana akasema: “Ingieni ndani, chakula ki tayari.”

Nikamuuliza yule mzee: “Na kama asingetoka?”

Akasema: “Ningekaa usiku wa tatu, kisha ningeondoka, na mwaka ujao ningerudi.”

“Lakini wewe ni baba yake. Hukuona uzito kuwa wa kwanza?”

Akanijibu: “Miaka 32 nilipeleka barua. Sikumngoja mtu hata mmoja aje kuichukua mkononi mwangu.”

Kisha mkewe akaingia ndani ya gari, akatoka na mkebe, akampa mke wangu. Nikautambua; ulikuwa mkebe wetu. Ulikuwa umejaa tende. Akaeleza kwamba mwanetu aliwajia kambini mjini Minneapolis, akakaa nao mpaka usiku, akaufungua ule mkebe pale pale akala visheti viwili, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama baba anajua kwamba umeletwa. Yeye akamwambia kweli, kwamba hajui. Kijana akanyamaza. Kesho yake akaurudisha mkebe na tende ndani, akisema kwamba kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

Ndugu msomaji, adabu hiyo ya chombo mimi ndiye niliyemfundisha. Usiku ule sikulala.

Nililala macho nikijihesabu, na nakuwekea hesabu hiyo hapa kwa kuwa huenda ikamfaa mwingine. Kwanza nilijiuliza: je, haki yangu ya kutembelewa na mwanangu imesimama? Imesimama, haina shaka. Kisha nikajiuliza: je, haki hiyo imeniamuru nikae nisiende? Hapo nikakosa dalili. Haki ni kitu unachodai kwa mwenzio. Haiwi kizuizi cha wewe kufanya wema. Mwenye kudai fedha anayo haki ya kulipwa, lakini hakuna aliyemwambia ni haramu kusamehe. Mimi nilikuwa nimegeuza haki yangu kuwa pingu, na pingu yenyewe nimeitia miguuni mwangu.

Tazama mafunzo ya salamu. Tumefundishwa kwamba mdogo humwamkia mkubwa, anayekwenda humwamkia aliyekaa, na aliyepanda humwamkia anayekwenda kwa miguu. Huo ndio mpango wa haki. Lakini wawili waliohasimiana, Mtume (s.a.w.) hakuuliza nani mkubwa na nani mdogo, ametufundisha kwamba si halali kuhamana zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora wao ni yule anayeanza kutoa salamu. Na katika kuunga udugu ametufahamisha kwamba muungaji wa kweli si yule anayelipa mfano wa alichotendewa, bali ni yule ambaye jamaa zake wakikata, yeye huunga. Hapo cheo cha ubaba hakikutolewa nje ya hukumu.

Huenda ukasema: “Sheikh, siku tatu wazijua, na wewe umekaa miaka tisa?” Ndiyo, nazijua, na hilo ndilo linalotisha. Nilijisomea nafsi yangu hoja za wanavyuoni walioruhusu kumhama mtu kwa ajili ya kumtia adabu katika dini. Lakini mwanangu hakuacha sala, hakula haramu, hakudhulumu mtu. Aliniudhi mimi tu. Nafsi nayo husoma fiqhi, tena huchagua ukurasa inaoutaka.

Kisha nikakumbuka kisa ambacho hata watoto wa chuo hukijua. Nabii Ibrahim (a.s.), baba wa Manabii, mzee wa umri mkubwa, ndiye aliyesafiri mpaka Makka kumtazama mwanawe Ismail. Alifika mara ya kwanza asimkute, akaacha maneno akarudi. Akafika mara ya pili, asimkute pia, akarudi. Alipofika mara ya tatu ndipo akamkuta karibu na Zamzam, anachonga mishale yake, na wakafanyiana yale ambayo baba na mwana hufanyiana wanapoonana. Hatukuambiwa kwamba aliona uzito. Mimi kisa hicho nimekisomesha mara nyingi kwa ajili ya mke mwenye kushukuru na mke asiyeshukuru, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyo maarufu. Sikupata hata siku moja kusimama juu ya jambo lililo mbele ya macho, nalo ni kwamba aliyefunga safari mara tatu alikuwa ni baba.

Na lile la kulala nje katika gari, nililoliita aibu, nalo nikalipima. Tumefundishwa kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Tena mgeni amekatazwa asikae mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Wazee wetu wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni wazee wangapi kwetu huingia nyumba ya mtoto wao wakampokonya mkaza mwana jiko lake, wakahesabu sukari, wakakaa mwezi, kisha wakaondoka wakilalamika? Sisemi tulale njiani. Mtoto wa kwetu akimwacha mzazi wake alale nje ataona haya, na haya hiyo ni njema, tuitunze. Nasema kwamba wale wazee walichunga jambo ambalo na sisi tumeamrishwa kulichunga, kila mmoja kwa desturi yake.

Hata hivyo, ndugu yangu, sitaki ufikiri kwamba kila gari-nyumba unalolisikia lina wazee wenye furaha ndani yake. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 Wamarekani wengi walipoteza nyumba zao, na wako waliozeeka ndani ya magari kwa kukosa kodi ya nyumba, wakizunguka nchi kutafuta vibarua vya msimu. Mwandishi Jessica Bruder alitoa kitabu juu ya watu hao mwaka 2017, kiitwacho Nomadland, na baadaye kikatengenezwa filamu. Wengine huuza nyumba kwa hiari yao wakawa wasafiri moja kwa moja. Lakini sheria humtaka kila mtu awe na anuani, kwa hivyo maelfu yao huandikisha anuani katika mji mmoja mdogo, Livingston, jimbo la Texas, ambapo chama chao huwapokelea barua na kuwapelekea waliko. Na hapo hapo Livingston pamejengwa mahali pa wale walioshindwa kusafiri kwa uzee au maradhi. Husimamisha gari zao mara ya mwisho, wakaendelea kukaa ndani yake, na hupatikana watu wa kuwapikia na kuwaangalia. Ni wema mkubwa wa wale waliouanzisha. Lakini nilipoelezwa habari hiyo moyo wangu uliuliza: na watoto wa wazee hawa wako wapi?

Mafakihi wetu walilizungumza jambo lililo karibu na hili zamani sana, juu ya nahodha anayeishi chomboni na mkewe na watoto wake. Je, huyu ni msafiri wa kufupisha sala, au ni mkaazi? Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi anaruhusiwa kufupisha, lakini kutimiza ni bora kwake. Imam Ahmad akaona hafupishi, kwani amechukua nyumba yake pamoja naye. Ona jinsi walivyotazama: hawakutazama chombo kinakwenda au kimetia nanga, walitazama ahali wako wapi. Wale jirani zetu walikuwa wasafiri wa kweli, kwa sababu kila walipokwenda walikuwa wanamwendea mtu, na mwisho wakarudi kwao. Lakini mtu anayezunguka ili awe mbali na jamaa zake, hata akiona chemchemi zote za Yellowstone, hajapata alichopata yule mzee chini ya gari na spana ya mwanawe.

Sasa neno kwa nyinyi vijana, kwani najua mtalisoma hili mkatabasamu. Msiseme: “Sheikh amesema wazee waje.” Sikusema hivyo. Wajibu wenu uko pale pale, na radhi ya mzazi si jambo la kusubiri. Mzazi akija kwako ujue kwamba amefanya fadhila. Wewe usipokwenda kwake nawe unaweza, umeacha haki. Na usifikiri fedha za kila mwezi zinatosha. Mimi nilizipokea miaka tisa, na nakwambia hazikunitosha, ila kiburi changu hakikuniacha niseme.

Asubuhi nilimwambia mke wangu: “Tutakwenda Minneapolis.” Hakuniuliza kitu, alikwenda kutia nguo katika mkoba. Jumamosi ya mwanzo wa Septemba mkwe wetu alituchukua kwa gari lake baada ya sala ya Alfajiri. Tukapita Indiana, tukapita Illinois, tukasali Adhuhuri na Alasiri pamoja kwa kufupisha, katika pahala pa kupumzikia magari, pembeni ya gari-nyumba la watu tusiowajua. Tukapita Wisconsin jua likizama. Tulifika kama saa mbili usiku.

Sikumpelekea mwanangu habari. Niliogopa nikimpelekea nitarudi nyuma. Aliyefungua mlango alikuwa mtoto wa kike wa miaka saba hivi, akanitazama, akauliza kwa Kiingereza mimi ni nani. Sikuweza kumjibu. Baba yake akaja nyuma yake, miguu mitupu, akasimama. Mimi nikasema, “Assalaamu alaykum.” Nilitangulia kabla hajafumbua mdomo, maana nilikuwa nimeliazimia neno hilo kutoka Columbus. Akaitika, kisha akainama akashika mkono wangu, na hapo, ndugu msomaji, yaliyobaki ni yetu.

Nitakwambia moja tu. Wakati wa Isha ulipofika mwanangu alitandika miswala, akaniambia: “Baba, tangulia.” Umri wangu wote nikiwa pamoja naye mimi ndiye niliyekuwa imamu. Nikamwambia: “Nyumba ni yako, mwenye nyumba ndiye mwenye haki.” Akasitasita, kisha akatangulia. Mimi msafiri nikasimama nyuma yake, na msafiri akimfuata mkaazi hafupishi, hutimiza. Nikazitimiza rakaa nne nyuma ya mwanangu, na sauti yake katika kusoma ilikuwa ile ile niliyomfundisha, ila imekuwa nzito.

Basi shauri langu ni hili. Ewe mzazi mwenzangu, kama uko mtoto uliyemwekea sharti aje yeye kwanza, lipime sharti lako kama bado lina faida, na umri wako kama unakuruhusu kungoja. Huhitaji gari-nyumba wala kwenda Marekani. Pengine mwanao yuko Malindi nawe uko Mombasa, au yuko Tanga nawe uko Pangani, na nauli ya basi haikushindi. Nenda. Usikae siku nyingi, usihesabu sukari, wala usilianze neno la ugomvi wewe. Likija lenyewe likute mmekwisha kula pamoja. Na ukifika ukakuta mlango haukufunguliwa, kumbuka kwamba Nabii Ibrahim (a.s.) alirudi mara mbili.

Mwenyezi Mungu atuunganishie udugu wetu, awape subira wazee wetu na huruma watoto wetu, na atusamehe yaliyopita.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.